SOMO LA LIKIZO: KUMFUNDISHA MTOTO MDOGO KUNGOJA MAPAMBAZUKO

Katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti yuko mtoto mmoja anayeamka kabla ya wote. Huenda ana miaka miwili, mitatu au minne. Saa 10 alfajiri, nje kungali giza, yeye amekwisha kuketi kitandani, amwita mama, ataka uji, ataka mlango ufunguliwe. Mama huamka. Ikiwa mama ana safari ya sokoni, huamshwa dada. Basi usingizi wa mtoto mmoja ukikatika, hukatika usingizi wa watu watatu.

Nimeona vema kuandika juu ya jambo hili kwa sababu sisi wanafunzi wa bweni, tukirudi nyumbani wakati wa likizo, ndio tunaokabidhiwa wadogo zetu. Tena mengi tuliyofundishwa darasani katika Baiolojia na Jiografia hutusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Haya nitakayoyaeleza niliyajaribu nyumbani kwetu, katika kijiji kimoja cha milimani Tarime, wakati wa likizo ya Desemba, kwa mdogo wangu wa kiume aliyekuwa na umri wa miaka mitatu na miezi michache. Baadhi ya rafiki zangu walicheka waliposikia, wakisema ulezi ni kazi ya wasichana. Nawaomba wasome mpaka mwisho kisha ndipo wacheke.

Yafaa msomaji ajue hali yetu ilivyokuwa. Mama yetu hununua ndizi vijijini na kuzipeleka soko la Sirari, mpakani. Siku ya soko hutoka nyumbani saa 11 alfajiri. Mtoto alipoamka saa 10, mama alimkabidhi kwa dada yake mwenye miaka kumi na mmoja, aliyekuwa Darasa la Tano. Msichana huyu alikuwa akilala saa 3 na nusu usiku, baada ya kuosha vyombo na kufanya hesabu za shuleni. Toka saa 3 na nusu usiku hata saa 10 alfajiri ni saa sita na nusu. Madaktari wa usingizi wa Marekani walitangaza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kila siku. Basi msichana wetu alikuwa akipungukiwa na saa mbili na nusu, au zaidi, kila usiku. Darasani akawa anasinzia, alama zake zikashuka, na watu wakasema ni mvivu. Hakuwa mvivu. Alikuwa mlezi wa zamu ya usiku.

Mtoto ahitaji usingizi kiasi gani?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Kipimo cha usingizi kilichomo ni hiki:

Miezi 0 hadi 3: saa 14 hadi 17
Miezi 4 hadi 11: saa 12 hadi 16
Miaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14
Miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13

Saa hizi zahesabiwa kwa siku nzima, usiku na mchana pamoja. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, maana sisi twahesabu usiku peke yake.

Nilipofika nyumbani nilichukua daftari, nikaandika kwa siku tano saa ambazo mdogo wangu alilala na saa ambazo aliamka, bila kubadili neno lolote. Nikaona hivi. Alilala saa 1 jioni, mara nyingi kabla ugali haujaiva. Akaamka saa 10 alfajiri. Hizo ni saa tisa. Ilipofika saa 3 asubuhi alikuwa amechoka, akalala tena hata saa 5 na nusu. Hizo ni saa mbili na nusu. Jumla ni saa kumi na moja na nusu, nayo imo kati ya 10 na 13. Basi mtoto hakupungukiwa na usingizi hata kidogo. Usingizi wake ulikuwa mzima, ila umewekwa mahali pasipofaa. Ule wa saa 3 asubuhi ulikuwa kipande cha usiku kilichokatika, kikahamia mchana.

Msomaji aanze hapo. Kabla ya kusema mtoto wako ni msumbufu, hesabu saa zake kwa siku tano. Ikiwa amelazwa saa 12 na nusu jioni na anahitaji saa kumi, ataamka saa 10 na nusu alfajiri, na hakuna maneno yatakayomrudisha usingizini.

Kwa nini huamka giza lingalipo?

Mabingwa wa elimu ya viumbe wasema kwamba usingizi huongozwa na nguvu mbili. Nguvu ya kwanza ni uzito wa usingizi. Kadiri mtu akaavyo macho, uzito huo huongezeka. Na kadiri alalavyo, hupungua. Mtoto aliyelala saa 1 jioni, ikifika saa 10 alfajiri uzito wake umekwisha kuwa mwepesi sana.

Nguvu ya pili ni saa iliyo ndani ya mwili. Katika ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna mkusanyiko mdogo wa seli uendao kwa mzunguko wa karibu saa 24. Saa hiyo hupokea habari za mwanga kutoka machoni. Giza liingiapo, tezi moja ndogo katika ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, nayo huuarifu mwili kwamba ni usiku. Mwanga ukiingia machoni, homoni hiyo hupungua. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliweka gizani mmea wa namna ya kifauongo, akaona majani yake yaliendelea kufunguka na kufunga kwa wakati wake ijapokuwa halikuwako jua. Na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyokwenda ndani ya seli za nzi wadogo wa matunda. Kwa hiyo mtoto aamkaye saa 10 kila siku haamki kwa ukaidi. Saa yake ya mwili imetegwa hivyo, na saa yaweza kutegwa upya.

Tena yafaa tujue kwamba usingizi hauendi mfululizo kama mto. Huenda kwa vipindi, na mwisho wa kila kipindi mtu huamka kidogo, akajigeuza, akalala tena bila kukumbuka. Vipindi vya mtu mzima ni kama dakika 90. Vya mtoto mdogo ni vifupi zaidi. Hapa kwetu Tanzania ulifanywa uchunguzi mmoja wa ajabu kwa Wahadzabe waishio karibu na Ziwa Eyasi, taarifa yake ikatolewa mwaka 2017. Watu wazima 33 walichunguzwa kwa siku 20. Katika muda wote huo zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Kila saa ya usiku alikuwako mtu aliye macho au aliyelala usingizi mwepesi. Basi kuamka usiku ni tabia ya wanadamu. Kazi yetu ni kumfundisha mtoto alale tena, au atulie kitandani mpaka kuche.

Jua la Tarime huchelewa

Hapa nataka kuingiza Jiografia kidogo. Saa za Tanzania zafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao haupiti hata nchini mwetu; uko mbali baharini. Tarime iko karibu nyuzi 34 na theluthi. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Basi jua la Tarime huchelewa dakika 40 na kitu nyuma ya saa ya mkononi, na huchelewa kama dakika 20 nyuma ya jua la Dar es Salaam.

Kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana. Jua letu huchomoza kati ya saa 12 na dakika 20 hivi, mwanzoni mwa Novemba, na saa 12 na dakika 50 hivi, katikati ya Februari. Mwanga wa kuonana nyuso hutangulia kama dakika 20. Kwa hiyo mtoto wa Tarime au Mugumu aamkaye saa 10 ana saa mbili za giza mbele yake. Saa mbili ni nyingi kwa mtu wa miaka mitatu.

Na jogoo je? Wazee wetu waliugawa usiku kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili, nao walikuwa na haki. Mwaka 2013 Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Ujapani, walionyesha kwamba jogoo huwika kwa saa ya mwili wake mwenyewe, naye huanza kama saa mbili kabla ya mwanga. Yaani jogoo hutangaza asubuhi ambayo haijafika. Mtu mzima mwenye safari atamsikiliza. Mtoto mdogo afundishwe kwamba sauti ya jogoo si ruhusa ya kuamka.

Kwanza usalama

Kabla ya mafundisho yoyote, nyumba iwekwe salama, kwa maana ipo siku mtoto ataamka na watu wote wamelala.

Moto wa mafigani ufukiwe vema, na chungu cha maji ya moto kisiachwe chini. Ndoo na pipa vifunikwe, kwa kuwa mtoto mdogo aweza kuzama hata katika ndoo. Kiberiti na mafuta ya taa viwekwe juu. Komeo la mlango liwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki lakini wa mtu mzima wafika upesi. Kwa ndugu zetu wa vijiji vya Serengeti vilivyo karibu na hifadhi, hili la komeo ni kubwa zaidi, maana fisi hutembea usiku, na tembo huja mashambani.

Chandarua pia ni usalama. Mbu waenezao malaria huuma usiku, nao huendelea mpaka karibu na mapambazuko. Mtoto atokaye chandaruani saa 10 huwapa mbu saa mbili nzima. Nilipomweleza mama hesabu hii, ndipo alipokubali jambo letu lina maana.

Yako mambo mawili yasiyofaa kabisa. La kwanza ni kumpa mtoto dawa ya mafua, ya kikohozi au kileo ili alale. Hiyo yaweza kumzuia kupumua. La pili ni kumfungia peke yake ndani ya nyumba na watu wote wameondoka. Moto ukiwaka, hana pa kutokea.

Tafuta sababu ya mwili

Mtoto akianza kuamka mapema ghafula, mtazame kwanza. Ana joto? Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe, usingizi utafuata baadaye. Ajikuna makalio usiku? Wako minyoo midogo myeupe kama nyuzi, ambao jike hutoka usiku kutaga mayai penye tundu la haja. Dawa yao iko. Akoroma sana na kuhema kwa kinywa? Mganga amtazame koo. Kitanda kimelowa? Apelekwe haja kabla ya kulala.

Tena kuna baridi. Tarime iko juu, karibu meta 1,500 toka usawa wa bahari, na joto la mwili wenyewe hushuka kabisa kabla ya alfajiri. Blanketi likianguka saa 10, mtoto huamka kwa baridi, kisha husema ana njaa. Kumvika soksi na sweta, na kuchomeka blanketi chini ya godoro, kwaweza kumaliza jambo lote kwa usiku mmoja.

Na njaa ya kweli iko pia. Mdogo wangu alikuwa akilala kabla ya chakula cha usiku. Toka uji wa alasiri hata saa 10 alfajiri ni muda mrefu. Uji aliotaka hakuudai kwa deko.

Lazima niseme hapa kwamba mtoto mchanga hayumo katika somo hili. Aliye chini ya miezi sita huhitaji kunyonya usiku, na mama amnyonyeshe.

Njia sita

Kwanza, sogeza saa ya kulala polepole. Tulimsogeza mtoto toka saa 1 hata saa 2 usiku kwa hatua nne, kila hatua dakika 15, na kila hatua tulikaa nayo siku tatu. Hizo ni siku 12. Ukimkesha saa nzima kwa usiku mmoja, hulia, naye ataamka saa ile ile na usingizi pungufu.

Pili, hamisha usingizi wa mchana. Ule wa saa 3 asubuhi tuliusogeza mbele vivyo hivyo mpaka ukafika saa 7 mchana, na tukamwamsha baada ya saa moja. Hesabu ikawa hivi: jumla ya saa kumi na moja na nusu, toa saa moja ya mchana, zabaki kumi na nusu. Toka saa 2 usiku, saa kumi na nusu zaishia saa 12 na nusu asubuhi. Ndipo tulipopataka.

Tatu, tawala mwanga. Jioni acheze nje mpaka jua litue. Lakini alfajiri asione taa. Mama alizoea kuwasha taa ya sola chumbani anapojitayarisha, tukaihamishia jikoni. Simu isipewe mtoto kabisa wakati huo, maana ina mwanga na michezo pamoja.

Nne, mpe alama ya asubuhi. Ulaya na Marekani huuzwa saa za watoto zibadilishazo rangi asubuhi ikifika. Sisi hatuna haja nazo. Tulimfundisha mtoto neno moja: "Ukiweza kuhesabu vidole vyako bila taa, kumekucha. Usipoviona, ni usiku bado." Mchana tulicheza naye mchezo huu, tukifunga dirisha na kulifungua, mpaka akauelewa. Alama hii ni nzuri kwa sababu haina gharama, haikosei kama jogoo, na mtoto huitazama mwenyewe pasipo kuuliza mtu. Kwa mtoto wa miaka miwili huenda ikawa mapema, huyo aambiwe tu, "Bibi akifungua dirisha, ndipo asubuhi."

Tano, usilipe kuamka mapema. Mtoto apewaye ndizi, uji au mchezo saa 10, mwili wake hujifunza kungoja ndizi saa 10. Ale vema usiku pamoja na wote, na chakula cha asubuhi kije baada ya vidole kuonekana. Akiwa na kiu apewe maji. Kitandani awekewe kitu kisicho na sauti wala hatari. Mdogo wangu alikuwa na mtoto wa gunzi aliyefungwa kitambaa, akawa anamlaza na kumwambia bado usiku.

Sita, maneno yawe machache na yale yale. Akiamka, aliye karibu amguse, amwambie kwa sauti ya chini, "Hesabu vidole. Huvioni? Basi lala," kisha anyamaze. Asimpige, asibishane naye, asimtishe kwa zimwi. Mtoto aliyetishwa huogopa giza, na aogopaye giza hatalala ndani yake. Kweli ya fisi aambiwe mchana. Usiku komeo latosha. Asubuhi akingoja vema, asifiwe mbele ya watu.

Maneno ya bibi

Mdogo wangu hulala na bibi yetu, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi, nao wana chandarua kimoja. Kwa hiyo bila bibi jambo lisingewezekana. Mwanzoni hakupendezwa. Alisema, "Mjukuu wangu, mtoto aamkaye mapema ndiye atakayeangalia ng'ombe vizuri. Wewe wataka kumfanya mvivu."

Nilimjibu kwa heshima kwamba ng'ombe atawaangalia akiwa na miaka kumi, na kwamba kwa sasa hana ng'ombe ila ana dada asiyelala. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo msichana alilala saa ngapi jana?" Nilimwonyesha daftari. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko mimi. Ndizi aliyozoea kumpa saa 10 aliiacha, na badala yake akawa anasimulia hadithi moja kila usiku, saa 2 kasorobo, taa ikiwa imepunguzwa. Vitabu vya malezi vyasisitiza kwamba mambo ya kabla ya kulala yafuate mpango ule ule kila siku. Bibi alikuwa na mpango huo tangu zamani. Uliachwa mtoto alipoanza kulala kabla ya chakula.

Shauri langu kwa wanafunzi ni hili: usiende nyumbani na kitabu mkononi kuwaambia wazee kwamba hawajui. Waonyeshe hesabu, uwaulize. Nyumba yote ikikubaliana, mtoto hujifunza. Mmoja akitoa ndizi kwa siri, kazi ya wiki mbili huharibika.

Yaliyoonekana

Daftari langu lina siku 21 za majaribio. Siku ya kwanza hadi ya nne mtoto aliamka saa 10 kama kawaida, na usiku mbili alilia sana. Siku ya tano hadi ya kumi aliamka kati ya saa 10 na nusu na saa 11. Siku ya kumi na moja hadi ya ishirini na moja, mara nyingi alikaa kitandani mpaka kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na nusu. Siku tatu katika hizo aliamka mapema, na moja katika hizo tatu ilikuwa mvua kubwa juu ya mabati, ambayo hata sisi wakubwa ilituamsha. Asubuhi moja bibi alimsikia akihesabu: moja, mbili, tatu, kisha akanyamaza, kwa kuwa cha nne hakukiona. Akalala tena.

Kwa dada yake tuliongeza jambo moja. Mimi nilichukua kazi ya kuosha vyombo usiku, na niliporudi shuleni ndugu yangu wa miaka kumi na mitatu akaipokea. Msichana sasa hulala saa 2 na nusu, huamka saa 11 na nusu, na hizo ni saa tisa. Likizo ya Juni nilipofika, mtoto alikuwa bado anangoja vidole, na dada yake alinionyesha madaftari yake mwenyewe bila kuombwa.

Kwa walimu wetu na wazazi wasomao gazeti hili, naomba neno moja. Mtoto asinziaye darasani aulizwe kwanza, "Nani aliyekuamsha, na saa ngapi?" Huenda jibu likawa ni mtu wa miaka mitatu.

Maswali ya kujizoeza

1. Mtoto wa miaka miwili hulala saa 12 na nusu jioni, huamka saa 9 na nusu usiku, kisha hulala tena toka saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Hulala jumla ya saa ngapi? Je, anapungukiwa? Toa shauri la kumsogeza, hatua kwa hatua.

2. Musoma iko karibu nyuzi 33.8 mashariki, na Dar es Salaam karibu nyuzi 39.3. Jua la Musoma huchelewa dakika ngapi nyuma ya lile la Dar es Salaam?

3. Eleza kwa nini jogoo hafai kuwa alama ya asubuhi kwa mtoto, ijapokuwa alifaa kwa wazee wenye safari.

4. Likizo ijayo, andika kwa siku tano saa za kulala na kuamka za kila mtoto wa nyumbani kwenu. Nani anayelala pungufu, na kazi gani ya usiku wewe waweza kuichukua?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne